Kujitolea na Kipimo Chake

Katika matanga, katika mikutano ya vijiji na katika hafla za kuwaaga wastaafu husikika sifa moja ambayo sote tumeizoea: kwamba fulani hakuwa na muda wake mwenyewe, muda wake wote ulikuwa wa watu. Wasikilizaji huafiki, na wengine hufuta machozi. Katika jamii iliyolelewa kwa misingi ya udugu ni vigumu kupata sifa iliyo kubwa kuliko hiyo, wala sisi hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo, yafaa siku moja tuitazame kwa makini, kwa sababu aghalabu katika mkusanyiko huo huo huketi watu wawili watatu wasioafiki kwa haraka. Mmoja ni mjane, mwingine ni mtoto mkubwa wa nyumba ile. Na pengine yupo pia mtu aliyewahi kumngoja marehemu siku waliyoagana, asimwone, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amekwenda kuwasaidia wengine.

Basi tunajiuliza: je, mtu mwema ana ruhusa ya kuuwekea wema wake mpaka? Na akiuweka, tuseme amejitolea, au tuseme amejihifadhi tu?

Lugha yenyewe inatupa mahali pa kuanzia. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo jirani sana. Kujitoa ni kuondoka: mwanachama hujitoa chamani, mchezaji hujitoa katika timu. Tena mtu aliyeutoa uhai wake husemwa amejitoa mhanga. Kujitolea kumezidi kwa silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo ya kauli ya kutendea, na kauli ya kutendea haitulii mpaka ipate jibu: kwa ajili ya nani? Kwa jambo gani? Anayesema "najitoa" amekwisha sema. Anayesema "najitolea" kisha akanyamaza hajaikamilisha sentensi yake. Hatudai kwamba sarufi ni maadili, lakini tunaona kwamba waliotuachia neno hili hawakukusudia tendo lisilo na shabaha.

Wengi wanapolisikia neno ujima hudhani kwamba zamani kila mtu aliifanya kazi ya kila mtu, siku zote, bila hesabu. Haikuwa hivyo. Usukumani, mkulima aliyezidiwa na shamba alikwenda kwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana walimaji, wakapatana siku na kazi. Siku ikifika vijana walikuja na majembe na ngoma, wakalima kwa mdundo. Ngoma ya bugobogobo huchezwa hadi leo majukwaani, ingawa wengi wanaoishangilia mijini hawakumbuki kwamba lile jembe linalorushwa juu na kudakwa lilikuwa zana ya kazi kabla ya kuwa pambo la ngoma. Mwenye shamba naye alijua linalompasa: chakula, na pengine mnyama wa kuchinja. Jua likitua, kila mtu alikwenda kwake, na hakuna aliyefuatwa kesho yake kuulizwa mbona hakurudi.

Katika milima ya Upare maji ya kumwagilia yalikusanywa katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha yakateremshwa mashambani kwa mifereji. Ndiva hujaa tope na mfereji huziba. Kwa hiyo iliitwa siku ya msaragambo, kila kaya inayotumia maji yale ikatoa mtu, na kazi ikagawanywa. Asiyetokea bila udhuru alitozwa faini, au alipoteza zamu yake ya maji. Na huku pwani watu walikuwa na kikoa, yaani kula kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule, mpaka duru itimie. Aliyekula kwa watu pasipo zamu yake kufika hakuwa mkarimu wala mpokea ukarimu. Jina lake lilijulikana.

Siku, kazi iliyogawanywa, zamu: hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo, wala havikuupunguza udugu. Tunathubutu kusema kwamba ndivyo vilivyoudumisha, kwa sababu mtu aliyekwenda kulima kwa jirani alijua atarudi kwake kabla palizi lake halijampita.

Lakini tusiwapake wazee rangi wasiyokuwa nayo. Katika ujima walikuwamo wavivu, walikuwamo waliokwenda kwa kuogopa masengenyo, na walikuwamo wakubwa waliolimiwa bila wao kumlimia mtu. Tena kipimo peke yake hakiifanyi kazi kuwa ya hiari. Hata mkoloni alikuwa na kipimo: vibarua wa mashamba ya walowezi walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ikatiwa alama mpaka zitimie. Hapo hesabu ilikuwa kamili, na uhuru haukuwapo. Hata baada ya uhuru, pahali pengine watu walisukumwa kwenda kwenye kazi za maendeleo kwa vitisho vya mgambo, kisha taarifa ikaandikwa kwamba wananchi wamejitolea. Kipimo tunachokizungumzia hapa ni kile ambacho mwenye kutoa na mwenye kupokea wamekipatana.

Nini basi kimebadilika? Zamani mbiu ilikuwa moja. Methali inasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kweli palikuwa na jambo, kwa kuwa haikulia kila siku. Msimu ulikuwa mmoja kwa wote, mvua ilimnyeshea kila mtu, na aliyeitisha ujima aliona kwa macho yake kwamba jirani naye ana shamba lisilopaliliwa. Leo mtu mmoja ni mjumbe wa kamati ya shule, mwimbaji wa kwaya au msimamizi wa madrasa, mweka hazina wa chama cha waliosoma pamoja, mwanakamati wa harusi tatu, tena ni mlinzi wa zamu mtaani. Kila moja ya mbiu hizi inalia mahali pake, na anayepiga moja hazisikii nyingine. Kila kundi huona kwamba linamwomba kidogo tu. Na ni kweli, kila moja linaomba kidogo. Jumla yake haimwelei mtu yeyote isipokuwa mke wake, au mume wake.

Kwa hiyo kipimo ambacho zamani kilishikwa na kijiji kizima sasa kimemwangukia mtu mmoja mmoja, naye hajafundishwa kukishika. Akikataa ataitwa mchoyo au mwenye majivuno. Adabu yetu, ambayo kwa mengine ni njema sana, imempa maneno ya kujikinga: "tutaona", "nitajitahidi", na hata "inshallah", neno tukufu ambalo tumelitwika mizigo isiyo yake. Aliyezoea husikia humo kwamba jibu ni hapana. Lakini mwenye shida, ambaye masikio yake yanatafuta tumaini, husikia ndiyo, akaenda kungoja.

Madhara ya kungoja huku tuyatazame mahali yanapouma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, takriban watu wazima wawili kati ya kila watatu nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba waliobaki ni chini ya 10 katika kila 100. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wa kuajiriwa peke yao. Sehemu kubwa ilifanywa na walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, kwa posho ndogo ya shilingi 30 kwa mwezi, chini ya miembe, katika maghala, katika vyumba vya madarasa baada ya watoto kuondoka.

Sasa tumfikirie mmoja wa walimu wa namna hiyo, wa wakati ule au wa wakati huu, maana madarasa ya watu wazima yangali yanahitajiwa. Ana moyo. Ameahidi kufundisha jioni tatu kwa juma. Kisha ameombwa aandike barua za chama cha ushirika, naye hakukataa. Kisha timu ya mpira, kisha kamati ya zahanati. Jioni moja mkutano wa zahanati unarefuka. Kule darasani amefika mama wa miaka hamsini na kitu, ameacha chungu kwa mjukuu, amefunga daftari ndani ya kanga. Kuja kwake si jambo dogo. Amemeza aibu ya kuketi kwenye dawati la mtoto, na mumewe alicheka alipomwona akitoka. Anaukuta mlango umefungwa. Anarudi. Juma la pili anaukuta umefungwa tena. Juma la tatu haji, wala hasemi kwa nini, na mwalimu akiulizwa atajibu kwamba mahudhurio yameshuka kwa sababu watu wazima hawana mwamko.

Mwalimu huyu hakuwa mvivu wala mlaghai. Pengine hakulala vya kutosha mwezi mzima. Lakini laiti angalimwambia mama yule tangu mwanzo kwamba ataweza jioni moja tu kwa juma, mama angalikuwa na jioni moja ya hakika, na kwa jioni moja ya hakika mtu hujifunza kusoma, ijapokuwa polepole. Kwa jioni tatu za kubahatisha hajifunzi ila kukata tamaa. Ndiyo maana hatukubaliani na wasemao kwamba anayeahidi mengi na kutimiza nusu amefanya zaidi ya aliyeahidi machache na kuyatimiza. Katika magunia hesabu hiyo ni sahihi. Katika mambo ya watu si sahihi, maana ile nusu isiyotimizwa ilikuwa imekwisha kuwekwa moyoni mwa mtu.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na kampeni iliyojengwa kwa namna nyingine. Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi vya "Mtu ni Afya", na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vidogo kote nchini kusikiliza, kusoma kijitabu, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani kandokando ya nyumba na kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi hivyo walifundishwa kwanza. Nao walijua tangu siku ya kwanza kwamba kazi ni ya majuma 12. Kikundi kilikutana mara moja kwa juma, kipindi kilikuwa na saa yake, na juma la mwisho lilijulikana. Mkulima aliyeombwa kuongoza kikundi angeweza kupiga hesabu: majuma 12 nitaweza, kisha nitarudi kwenye mambo yangu. Haiyumkini watu wengi kiasi hicho wangalikubali kama wangeambiwa tu, "Njoo uwe kiongozi wa afya," pasipo kuambiwa mpaka lini. Anayeomba msaada bila kutaja mwisho wake humwomba mtu maisha yake, hata kama hakukusudia hivyo.

Upo utoaji mmoja ambao kipimo chake hakibishaniwi na mtu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, hupokea damu kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 wenye uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huruhusiwa kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya miezi minne. Kabla ya kutoa, damu ya mtu hupimwa kuona kama inatosha. Katika njia moja inayojulikana sana, tone lake hudondoshwa katika maji ya buluu yenye dawa, na likielea badala ya kuzama mtu huyo huambiwa arudi nyumbani ale vizuri kwanza. Hakuna amwitaye mchoyo. Mhudumu hamwambii kwamba wodini kuna mama aliyejifungua anayevuja damu, kwa hiyo avumilie, ijapokuwa mama huyo huenda yupo kweli. Sote tunaelewa kwamba mwenye upungufu akitolewa damu wagonjwa watakuwa wawili. Mbona basi tunalielewa jambo hili kwa damu, na hatulielewi kwa usiku wa mtu, kwa nguvu za mgongo wake, kwa subira yake? Vitu hivi navyo hupungua, navyo huchukua muda kurudi. Tofauti ni kwamba hakuna maji ya buluu ya kuvidondoshea.

Hapa msomaji atatupinga, naye ana haki. Atasema: jirani akigonga mlango saa nane za usiku, mkewe ameshikwa na uchungu, je, nimwambie kwamba zamu yangu ni Jumamosi? Hasha. Lakini hilo si jambo la kujitolea, hilo ni wajibu. Uzazi, msiba, moto, mtoto aliyepotea, mgonjwa asiye na wa kumbeba: haya hayana miadi wala hayaombi hiari yetu. Anayeyakwepa hajakataa kujitolea, amekataa utu. Kujitolea ni kule kunakoanza mtu alipokwisha kuuacha wajibu mahali pake, akatazama kilichobaki mkononi, akasema: na hiki nakitoa.

Na pingamizi hili, tukilifuatilia, linaikaza hoja yetu. Kwa kuwa wajibu huja bila hodi, hapana budi mtu awe na muda usioahidiwa kwa yeyote. Wakulima hawali mbegu zote, wala mwenye busara hatumii fedha zake zote siku ya mshahara. Akiba haiozi, tunasema, nasi tunadhani ni ya fedha na nafaka tu. Mtu aliyeziahidi jioni zake zote saba kwa vyama na kamati ndiye asiyekuwapo mlango unapogongwa. Tumewahi kushuhudia msiba ambamo mtu wa karibu kabisa wa marehemu alifika wa mwisho, akitoka kwenye mkutano wa kuratibu misaada kwa jamii. Hatusemi hayo kwa kumcheka. Alilia kuliko wote.

Tena lipo jambo ambalo wanaume tunaoandika makala za namna hii hupenda kulipita kwa haraka. Katika kujitolea kwetu vipimo havigawanywi sawa. Mwanamume akijitolea aghalabu hupewa kiti: uenyekiti, ukatibu, uweka hazina. Kazi yake ina ajenda na ina saa ya kufunga kikao. Mwanamke akijitolea hupewa sufuria. Huchota maji, hupika, huosha vyombo, humwangalia mgonjwa wa jirani, kisha hurudi kwake kuanza mambo yayo hayo upya, na hakuna muhtasari unaoandikwa. Ikiwa tunataka kuzungumza juu ya mpaka wa kujitolea, tuanze na wale ambao hawajawahi kuulizwa kama wanao.

Tumesema mengi kuhusu kiasi. Je, kuhusu aina ya kazi? Yuko anayeona kwamba kutafuta furaha katika kujitolea ni ubinafsi uliovaa kanzu. Tunadhani amekosea. Vijana wa Kisukuma hawakuleta ngoma shambani ili kuwaburudisha watazamaji. Waliileta kwa sababu kazi iliyo na furaha huendelea, na isiyo nayo hukoma msimamizi akigeuka. Seremala anayeketi miezi sita katika kamati ya ujenzi wa shule akisinzia angeweza kutengeneza madawati 20 yaliyovunjika, akiimba. Karani mstaafu anayelazimishwa kuchimba msingi angeweza kuwaandikia wazee barua zao za madai ya pensheni, kazi inayohitaji jicho na subira alizozipata kwa miaka mingi ofisini. Mtu na atoe kile kilichomo mkononi mwake. Wanaopanga kazi za kujitolea wangefanya vema wamuulize kwanza ajuacho na apendacho, kabla ya kuliandika jina lake kwenye nafasi iliyo wazi.

Nayo iko methali inayosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii yetu hapakuwa na nafasi ya mnyonyaji. Maana hiyo haina ubishi. Lakini sisi huona ndani yake na haki ya mgeni, ambayo haitajwi sana: siku mbili. Kabla ya kupewa jembe, mgeni amepewa siku mbili za kuketi, kula, kulitazama shamba, kuwajua watu wa nyumba ile na kuona wanavyoamkiana. Anayefikiria kujitolea katika kituo cha yatima, katika darasa la jioni au katika kikundi cha usafi wa mtaa aombe siku zake mbili. Aende atazame. Aulize kazi ni ipi, ni saa ngapi kwa juma, ni mpaka lini, na nani atapokea atakapoondoka. Akiona wenyeji wanamkabidhi jembe mlangoni kabla hajaketi, ana sababu ya kujiuliza kwa nini waliomtangulia hawakukaa.

Tumrudie, kabla hatujakoma, mwalimu wetu wa jioni. Tuseme amejifunza. Mwaka mpya unapoanza anasimama mbele ya darasa lake na kusema: nitakuwa hapa kila Jumanne, saa kumi na moja, mpaka mavuno yaanze, nikiugua, ufunguo utakuwa kwa mzee wa nyumba ya pili. Ile barua ya chama cha ushirika ameikabidhi kwa kijana mwenye mwandiko mzuri, na timu ya mpira imempata kocha aupendaye mpira kuliko yeye. Katika kamati ya zahanati walinuna kidogo. Jumanne ya kwanza walikuja watu sita. Jumanne ya nne mama yule wa miaka hamsini na kitu alikuja na shoga yake, wakaketi dawati la nyuma, na mlango ulikuwa wazi.